Zawadi ya mwalimu wa chekechea na dereva wa basi la shule

Dada, kwa mwalimu wa kike, doti ya khanga haikosei, ila soma jina la khanga, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa. Khanga ni pindo (ukingo), mji (sehemu ya katikati) na jina, na kuna majina ya mafumbo na kijembe. Ukimpa yenye maneno ya kusutana, atadhani umemtumia ujumbe. Tafuta ya shukrani au dua. Kama ni kitenge, mnunulie yadi 6. Ya 4 humbana fundi akitaka gauni refu, na weka na hela ya kushonea, maana kitambaa kisichoshonwa hulala kabatini. Epuka vikombe, walimu wanavyo tele.

Dereva na dada wa basi wapeni pesa taslimu ndani ya bahasha, au kwa simu pamoja na ya kutolea. Msimsahau dada huyo, ndiye anayemvusha mtoto barabara.

Wazazi mkichanga, kadi isitaje nani katoa kiasi gani. Na mpelekeeni mwalimu baada ya ripoti kutoka. Kabla ya hapo inanuka rushwa hata kama nia ni safi.