Denver, Salt Lake City au Seattle: wapi utauona mlima?

Swali: Tunaishi Houston, ambako kilima kirefu ni daraja la barabara kuu. Mimi ni wa Moshi, nimezoea kufungua dirisha nikaona mlima. Mume wangu huenda akahamishiwa Denver, Salt Lake City au Seattle. Kila mtu anatuambia Denver ndiyo mji wa milima. Ni kweli? Na je, ni rahisi kufika huko milimani kwa familia yenye gari moja? – Mama Neema

Jibu: Mama Neema, wanaokutajia Denver wanaangalia urefu wa vilele kutoka usawa wa bahari. Sisi tunaochora ramani tunajua namba hiyo peke yake haikuambii utaona nini. Kinachohesabika ni mlima umepanda kiasi gani juu ya hapo uliposimama, na uko mbali kiasi gani. Denver yenyewe iko mita 1,609. Kilele cha Mount Blue Sky kina mita 4,348, lakini ukiutoa mwinuko wa mji unabaki na mita 2,700 na kitu, tena kwa umbali wa zaidi ya kilomita 50.

Kuna kipimo usichohitaji kukinunua. Nyoosha mkono mbele, funga jicho moja. Upana wa ngumi ni kama digrii 10, wa kidole gumba kama 2. Kibo ukiwa Moshi mjini kinakaribia ngumi nzima kwa kimo. Mount Blue Sky ukiwa katikati ya Denver ni kidole gumba na ziada kidogo. Mount Rainier ukiwa Seattle, pamoja na mita zake 4,392, nao ni hivyohivyo, maana uko karibu kilomita 95.

Sasa Salt Lake City. Katikati ya mji safu ya Wasatch inafika nusu ngumi. Sogea hadi kitongoji cha Holladay, chini ya Mount Olympus, na mlima huo wenye mita 2,751 tu unakaribia ngumi mbili. Mfupi mno kwa Kibo, lakini unakujaza macho kuliko Kibo. Ni kazi ya ufa wa Wasatch, mpasuko katika miamba ya ardhi, unaopita chini ya miguu ya milima hiyo na kuinyanyua wima bila vilima vya kutangulia. Ufa huo bado uko hai: Machi 2020 tetemeko la kipimo cha 5.7 lilitikisa bonde zima, hata sanamu ya malaika juu ya hekalu la Wamormoni ikaangusha tarumbeta yake.

Kwa usafiri pia naipa Salt Lake nafasi ya kwanza. Kutoka mjini hadi Alta au Snowbird, vituo vya kuteleza kwenye theluji, ni chini ya saa moja, na wakati wa theluji kuna mabasi ya umma ya kupanda huko, kwa hiyo baba Neema akienda kazini na gari hamkwami. Theluji ikiporomoka, barabara ya kwenda huko, inayopita bonde la Little Cottonwood, hufungwa. Mbwa hawaruhusiwi kwenye bonde hilo, kwa kuwa ni chanzo cha maji ya kunywa ya mji. Denver ina milima mingi zaidi nyuma yake, ila Jumamosi ya theluji barabara kuu ya I-70 ya kupanda milimani ni foleni tupu. Afadhali treni ya msimu inayokwenda Winter Park, kituo cha kuteleza kwenye theluji.

Seattle ni suala la mawingu. Rainier ukijitokeza, mweupe hata Agosti, hakuna mji kati ya hii mitatu wenye kitu cha kuushinda. Lakini kuanzia Oktoba hadi majira ya kuchipua unaweza kumaliza wiki nzima usiuone.

Kasoro kubwa ya Salt Lake ni hewa. Wakati wa baridi hewa ya ubaridi hunasa chini ya bonde, hewa yenye joto ikaifunika kwa juu, na moshi wa magari ukakosa pa kutokea. Siku hizo milima yenyewe hupotea kwenye ukungu mchafu. Kama kuna mtoto mwenye pumu nyumbani, ningechagua Denver na kuridhika na kidole gumba.

Mkienda kutazama nyumba, msiende Septemba, mwezi ambao kila mji wa huko hupendeza. Nendeni Januari, mkae walau siku nne, na ngumi ipimwe ukiwa kwenye dirisha la jikoni la nyumba mnayotaka kupanga.