Nilipita kushoto mara moja, mlango wa Noah bado una alama

Mimi naendesha Noah. Karibu kila wiki nachukua mchele Igurusi napeleka Iringa, na mara moja moja nateremka mpaka Dar, kwa hiyo hii barabara ya Tunduma kwenda Dar nimeila sana, na yenyewe imenila kidogo. Leo naongelea kitu kimoja tu, kuovateki kushoto. Najua utasema hilo nani asiyelijua, hata shule ya udereva siku ya kwanza wanakwambia sisi tunakaa kushoto na tunapita kulia. Sawa. Na mimi nilikuwa nalijua, leseni ninayo, na bado nikapita kushoto.

Ilikuwa kabla hujaingia Makambako ukitokea upande wa Mbeya. Manyunyu yale ya kukera, waipa ukiwasha zinalia, ukizima huoni. Mbele yangu kuna semi la kontena, linaenda 50, likijitahidi 60, likiona kamlima linaanza kukohoa. Kulia magari yanakuja moja moja, yaani kila nikichungulia nakutana na taa. Nimekaa nyuma yake mpaka nimekariri maandishi yote ya kwenye madigadi. Mteja wa Iringa anapiga simu, mama uko wapi, mama uko wapi. Mara lile semi likapunguza mwendo, likawasha endiketa ya kushoto, alafu likaanza kuhamia kulia, taratibu, mpaka likakalia mstari wa katikati.

Sasa kwa wale wasiosafiri sana niwaeleze, madereva wa malori wana lugha yao. Ukiwa nyuma yake akakuwashia ya kushoto anakwambia mbele kweupe, pita. Akikuwashia ya kulia anakwambia tulia kwanza, kuna kitu kinakuja. Ni ustaarabu wao tu wa barabarani, umeokoa wengi, ila shida yake endiketa ni ile ile moja, na anayekata kona anawasha hiyo hiyo. Mimi siku ile nikasoma kushoto nikaelewa pita. Kulia amejaa yeye, kushoto pamebaki uwazi mzuri kabisa wa kutosha Noah, nikasema masikini baba wa watu kaniachia njia. Nikaingia.

Kumbe anaingia sheli, iko kushoto pale pale.

Semi halikati kona kama gari ndogo. Kichwa lazima kitanuke kulia kwanza ndio trela lipate nafasi, maana matairi ya nyuma hayafuati pale kilipopita kichwa, yanakata ndani, yanaisogelea kona. Kwa hiyo ule uwazi niliodhani nimeachiwa ndio ilikuwa njia ya trela. Nilipofika usawa wa katikati naona kichwa kimegeuka kinakuja kunizibia mbele, nikakanyaga breki, kuangalia kulia tairi za trela hizo hapo dirishani, nati zinazunguka, tope linarukia kioo, ningeshusha kioo ningezigusa. Honi nilipiga, au nadhani nilipiga. Nikavuta usukani kushoto, gari ikaingia mtaroni ikalala upande, chuma cha trela kikaondoka na saiti mira ya kulia na kuuchora mlango mpaka nyuma, mlio wake kama mtu anachana bati. Magunia yakahama yakanibana na kiti changu.

Dereva hakujua lolote. Utingo ndiye aliyesikia, akawa anagonga mlango kwa kiganja, likasimama. Akashuka mzee, mtu mzima kabisa, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kugomba nikajikuta nasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimeumia, akaizunguka Noah, alafu akasema, "Mama, hebu panda ukae kwenye kiti changu." Nikapanda. Jamani. Kule juu, ukiangalia kushoto unamwona utingo na dirisha lake basi, kioo kinakuonyesha ubavu wa trela lako mwenyewe na kipande cha lami, na Noah yangu nyeupe iliyolala pale chini haipo. Haipo kabisa. Mzee akasema, "Upande huo mimi naendesha kwa kusikiliza tu." Sikuwa na jibu. Kosa langu nikalilipa mwenyewe, mlango, mira, na vijana waliosaidia kunitoa mtaroni.

Toka siku hiyo nimekuwa mtu wa hesabu. Semi likienda 60 na wewe ukamfuata kilomita 3, unatumia dakika 3. Ungekuwa peke yako na 80 yako ungetumia dakika 2 na robo. Yaani hasira yote ile, unang'ata meno, unatukana ndani ya gari, ni kwa ajili ya sekunde 45. Na hata kulia penyewe pana hesabu yake, ukitaka kumpita huyo wa 60 ukiwa na 80, kuanzia mita 20 nyuma yake mpaka urudi mita 20 mbele yake, na urefu wa semi lenyewe, unahitaji kama sekunde 11, na ndani ya hizo sekunde 11 wewe unakula karibu mita 250 za barabara, na basi linalokuja na 80 yake linakula nyingine kama hizo. Nusu kilomita iwe tupu unaiona kwa macho. Kwenye ukungu wa Mufindi nusu kilomita unaitoa wapi? Huitoi, unabaki nyuma.

Kuna wanaosema mimi sipiti kati ya gari na gari, natanua tu pembeni ya lami. Hao ndio wabaya zaidi. Pembeni ya lami huku kwetu ni nyumba ya mtu. Kuna watoto wanatoka shule, kuna baiskeli ya mkaa imejaa mpaka mwenye nayo haonekani, ukifika Ilula kuna mama na ndoo za nyanya, na kuna lori limekufa toka jana na alama yake ni matawi tu yametupwa barabarani, ukiyaona kwa kuchelewa umeshafika. Anayekaa pembeni hategemei gari ya mwendo upande ule.

Sasa nigeuke upande wa pili, maana hawa wanaopita kushoto hawatokei hewani, kuna mtu kawatengeneza. Ni yule wa leni ya kulia. Ukiingia Dar ile Kibaha mpaka Kimara leni ziko za kutosha, lakini utamkuta mtu kajikalia kulia kabisa na 40 yake, simu sikioni, kushoto kwake kuko wazi kama uwanja, na nyuma yake foleni. Ukimwashia taa anaona umemtukana ukoo. Watu wanavumilia weee, mwisho mmoja anachomoka kushoto, wa pili anamfuata, na bwana yule siku anakumbuka kurudi kushoto hata kioo haangalii, kwa sababu kichwani mwake kushoto ni kwa wanaokwenda polepole kuliko yeye. Hapo ndio panapogongwa watu. Nakiri na mimi nimewahi kuwa bwana yule, mara yangu ya kwanza Kimara nilishika kulia kwa woga, niliona kushoto kuna daladala nyingi, mpaka kijana mmoja alinipita kushoto akanionyesha kwa mkono, nenda huko mama.

Mdogo wangu yuko Uingereza, nao wanaendesha kushoto kama sisi. Anasema kule kwenye barabara zao kubwa za leni 3 unakaa ya kushoto, unatoka kupita, unarudi. Ukiganda leni ya kati bila sababu, toka 2013 polisi anaweza kukuandikia papo hapo pauni 100 na pointi 3 kwenye leseni. Na kupita kushoto wanakukataza, isipokuwa foleni imejaa leni zote zinatambaa na yako ikatokea kwenda mbele kidogo, hapo hujaovateki mtu, umeenda tu na foleni yako. Cha kuruka ruka leni kutafuta inayokwenda, hicho hapana. Niliipenda hiyo kwa sababu Mbeya nako njia nne zinatufikia, ule mradi wa Nsalaga pale Uyole mpaka Songwe uwanja wa ndege, kilomita 29, na nawaona ndugu zangu kabisa tutakavyojipanga kulia wote na bajaji zetu.

Kushoto napita wakati mmoja tu, gari ya mbele imewasha kulia, imesimama inasubiri kuingia kulia, na kushoto kwake kuna lami ya kutosha, sio vumbi. Hapo napita polepole, maana yule anayesubiri anaweza kuwa ameruhusu mtu avuke mbele yake na mimi simwoni.

Nikiwa nyuma ya semi narudi nyuma mpaka nivione vioo vyake vyote viwili, kama mimi sivioni basi na yeye hanioni. Endiketa yake siichukui kama ruhusa tena, naichukua kama habari, naangalia na tairi za mbele zimeelekea wapi, naangalia kama kuna sheli au kituo cha mizani mbele. Likihamia kulia bila sababu ninayoiona, nabaki palepale nilipo. Wa leni ya kulia nampa taa mara moja, asipotoka naachana naye, sio mwanangu. Na kule Kitonga ambako malori yanapanda kwa mwendo wa mtu kwa miguu nimeacha kabisa kushindana, nanunua vitunguu Ruaha Mbuyuni, nakunywa na chai, napanda nimetulia naangalia nyani.

Bodaboda sijawataja makusudi. Wao kushoto ndio kwao, nikianza habari yao hatulali leo, na mimi saa 10 alfajiri natakiwa niwe Igurusi.