Muulize Shangazi: Kila asubuhi tumbo linamuuma

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu ana miaka 10, yuko darasa la nne. Tangu baba yake ahamie kwa mke mwingine, miezi miwili sasa, amebadilika. Kila asubuhi tumbo linamuuma. Zahanati wamempima malaria, mkojo na choo, hawakuona kitu. Alikuwa hakosi chandimu jioni, siku hizi anajifungia ndani, ukimsemesha anafoka. Mwalimu wake anasema ni jeuri, dawa yake fimbo. Bibi yake anasema kuna mkono wa mtu. Mimi sijambo, ila usingizi hukatika saa tisa usiku, na vitumbua nimeacha kupika, sioni faida yake. Nifanyeje?
Mama Zawadi, Morogoro

JIBU: Marahaba, Mama Zawadi. Fimbo kwanza iwekwe pembeni. Mtu mzima mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, mara nyingi utamwona amenyong'onyea. Mtoto hufoka, na huzuni yake hutokea tumboni au kichwani. Hadanganyi, tumbo linamuuma kweli. Kilichonishtua zaidi ni chandimu. Mtoto mwenye hasira za kawaida, akisikia wenzake wamepata mpira, hasira huisha. Hali kama hii ikizidi wiki mbili, karibu kila siku, inahitaji mtaalamu.

Kaa naye, hata mkiwa mnachambua mchele, umuulize taratibu kama shuleni kuna anayemuumiza. Muulize pia kama huwa anatamani kufa. Wazazi hulikwepa swali hilo wakidhani litampa mtoto wazo. Halimpi. Akikubali, asiachwe peke yake, sumu ya panya na dawa zote zifungiwe, na hospitali mwende siku hiyo hiyo.

Hata akikataa, mpeleke wiki hii hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie huduma ya afya ya akili. Najua, watu wakisikia "akili" wanawaza kupelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Wengi hutibiwa wakitokea nyumbani, na kwa mtoto wa umri wake kwa kawaida huanza mazungumzo kabla ya vidonge. Namba 116 ya msaada kwa watoto haikatwi pesa. Hata wewe mzazi piga. Bibi akitaka kusoma dua asome, kliniki mwende vilevile.

Sasa hilo "sijambo" lako. Ungeniandikia kwamba jirani yako haambulii usingizi na ameacha biashara iliyokuwa ikimlisha, ungesema mwenyewe kwamba anaumwa. Siku hiyo ya hospitali fungueni mafaili mawili. Ukiandikiwa vidonge, usivunjike moyo siku ya tatu, maana nafuu huja baada ya wiki kadhaa. Na ukishapata nafuu usiviache ghafla bila kumuuliza daktari.

Cheti cha hospitali cha mtoto kipeleke kwa mwalimu mkuu. Huyo wa fimbo ataitwa ofisini.