Mama aliomba maji, nikampa kunywa

*Shikamoo mama. Nina miaka 34, naishi Kahama, nauza mitumba. Mama yangu alifariki katikati ya Kwaresima. Alikuwa mkatekumeni. Miaka miwili alikwenda mafundisho kila Jumamosi, kwa miguu, na angebatizwa mkesha wa Pasaka. Jina alikwisha kulichagua, Veronika, na kitenge cha siku hiyo nilikuwa nimemnunulia. Akashikwa na nimonia. Usiku wa mwisho hospitalini nilikuwa naye peke yangu. Akaniambia, "Nipe maji." Nikamnywesha, akasema asante. Alfajiri akafa.*

*Kwenye msiba mwenyekiti wa jumuiya alisema padri hawezi kuja kwa kuwa mama hana namba ya ubatizo, tukazika kwa sala za majirani. Binamu yangu anasema asiyebatizwa haoni mbingu, imeandikwa. Kaka yangu, ambaye ni mlokole, anasema maji si kitu, shida ni kwamba mama hakuokoka. Halafu juzi mtu wa sokoni akaniambia kwamba mgonjwa anaweza kubatizwa na yeyote. Tangu hapo silali. Najiuliza kama yale maji yalikuwa ya kunywa. Je, naweza kubatizwa kwa niaba yake? Na jina la Veronika tuliandike msalabani?*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Umeniuliza mambo ya mbingu, ya binamu, ya kaka na ya msalaba, lakini naona kinachokunyima usingizi ni kile kikombe. Nianze nacho. Mgonjwa wa nimonia anawaka homa, anahemea mdomoni, koo limekauka kama gunzi. Akisema "nipe maji" usiku wa manane, anataka maji. Mama yako alikaa darasani miaka miwili. Neno ubatizo alilijua, padri alimjua, katekista alimjua kwa jina. Angetaka ubatizo angesema ubatizo. Aliomba maji, mwanawe akampa, akashukuru. Usimtafutie fumbo mtu aliyesema wazi.

Lakini mtu wa sokoni hakukudanganya, na sitakuficha ili nikubembeleze. Katika Kanisa Katoliki, mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kumbatiza: mama, muuguzi, jirani, hata mtu ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi akusudie kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Unammiminia maji kichwani huku ukisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Maji ya bomba, ya kisima, ya chupa, yote sawa. (Si soda wala togwa. Niliwahi kuulizwa.) Kisha unampelekea paroko taarifa aandike daftarini. Karoli Lwanga, mfiadini wa Uganda, hakuwa padri, alikuwa mlei aliyebatizwa miezi michache tu nyuma, na ndiye aliyewabatiza Kizito na wenzake huko Munyonyo mwezi Mei 1886, walipojua kwamba Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, atawaua.

Hukujua, basi. Ulibatizwa, ukapata kipaimara, na ninavyosoma barua yako hakuna aliyekufundisha hili. Hapo nina neno na wanaofundisha: mnapomwandikisha bibi wa miaka sabini ukatekumeni, mwiteni na mwanawe siku moja, dakika kumi, mwambieni la kufanya bibi akizidiwa. Mimi ni Mlutheri niliyeolewa na Mkatoliki. Ubatizo wa dharura nilifundishwa darasa la kipaimara nikiwa na miaka 14, na baada ya hapo sikusikia mtu akiutaja tena mpaka nilipojifungua mtoto njiti. Kutojua si dhambi, mwanangu, na kwa hili hukumkosea mama yako.

Sasa binamu. Sitaki umpuuze, maana ameshika andiko zito. Yesu alimwambia Nikodemo kwamba mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hawezi kuuingia ufalme wa Mungu, Yohana 3:5. Petro, katika waraka wake wa kwanza, 3:21, anaandika bila kumung'unya maneno kwamba ubatizo unaokoa. Kanisa lililomwandikisha mama yako linaamini hivyo hivyo, ndiyo maana limeruhusu hata muuguzi wa zamu kubatiza. Lakini mwombe binamu akusomee Marko 16:16 hadi nukta ya mwisho. "Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa." Nusu ya kwanza ina mambo mawili, nusu ya pili ina moja. Asiyeamini ndiye anayehukumiwa. Mama yako alikosa nini katika hayo?

Mwombe pia akusomee Matendo 10, nyumbani kwa Kornelio. Petro hajamaliza kuhubiri, Roho Mtakatifu akawashukia watu ambao hata tone la maji lilikuwa halijawagusa. Mungu hakungoja zamu. Na tazama alichofanya Petro: hakusema basi, maji hayana kazi tena. Aliamuru wabatizwe. Mimi kwa miaka mingi nimeona jibu la swali lako liko katika sura hiyo, kwa sababu inamsahihisha binamu na inamsahihisha kaka kwa mkupuo mmoja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1257, inasema Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, lakini yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Ukigeuza ukurasa, namba 1259, utamkuta mama yako: mkatekumeni anayekufa kabla ya kubatizwa, aliyetamani ubatizo waziwazi, akatubu dhambi zake na kuwa na upendo, tamaa hiyo inamhakikishia wokovu ambao hakuwahi kuupokea kwa njia ya sakramenti. Wazee waliiita ubatizo wa tamaa. Kwa Kiswahili cha leo neno tamaa limechafuka kidogo, lakini hapa maana yake ni ile kiu ya kutembea kwa miguu kila Jumamosi.

Na hili si jambo la jana. Mwaka 392 Kaisari Valentiniano wa Pili aliuawa, au alijiua, wanahistoria hawakubaliani, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Alikuwa amemwita Ambrosi, askofu wa Milano, aje ambatize. Askofu alikuwa njiani. Dada zake walilia kwa sababu hii hii unayolilia wewe. Ambrosi alisimama mazishini akawaambia kwamba kijana aliiomba neema hiyo, na kwa kuwa aliiomba, ameipata. Ambrosi alikuwa na sababu ya kuwaelewa wakatekumeni: watu wa Milano walipomchagua kuwa askofu mwaka 374, yeye mwenyewe alikuwa bado hajabatizwa.

Ukitaka mtu wa karibu zaidi, nenda Namugongo. Kati ya wafiadini 22 wa Uganda ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, yumo Mukasa Kiriwawanvu. Alikuwa kifungoni kwa sababu ya ugomvi na Gyavira, ambaye naye alikuwa katika kundi la Lwanga. Alipotolewa aliungana na wenzake, wakapatana, na tarehe 3 Juni 1886 akachomwa moto pamoja nao. Alikuwa mkatekumeni. Huo unaitwa ubatizo wa damu, na mama yako hakuuawa kwa ajili ya imani, hilo najua. Lakini mwulize binamu: mtakatifu huyu, ambaye majina ya wenzake tunawapa watoto wetu, namba yake ya ubatizo ni ngapi?

Kaka nitamjibu kwa kifupi, kwa sababu nusu ya maneno yake ni sahihi. Yule mhalifu msalabani hakushuka kwenda mtoni, na bado aliambiwa, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Sisi Walutheri katika Katekisimu Ndogo tuliulizwa: maji yawezaje kufanya mambo makubwa hivyo? Tukajibu kwa kwaya, huku tukisinzia: si maji yenyewe, bali Neno la Mungu lililo ndani ya maji na pamoja nayo, na imani inayoliamini Neno hilo. Tulifundishwa pia kwamba anayepotea ni yule anayeudharau ubatizo, wala si aliyeukosa. Kwa hiyo kaka asipojali namba, hatugombani. Ila anaposema mama hakuokoka, anasema kwa sababu hakumsikia akikata shauri kwenye kipaza sauti. Mama wa miaka ile, aliyekulia mila za wazee wake, anaamka asubuhi miaka miwili kwenda kukaa benchi moja na watoto ili ajifunze Nasadiki. Kaka anangoja shauri gani lingine likatwe? Mwambie hivyo, lakini si mbele za watu. Huenda naye analia kwa njia yake. Watu wengine wakifiwa huanza kuhubiri.

Kubatizwa kwa niaba yake, hapana. Ulishabatizwa, na ubatizo haurudiwi. Utasikia mtu akikutajia 1 Wakorintho 15:29, mahali Paulo anapotaja watu waliobatizwa kwa ajili ya wafu. Paulo anautumia mfano huo kutetea ufufuo, haagizi tufanye hivyo, na Kanisa lako na langu hayafanyi. Kwa ajili ya marehemu, Mkatoliki husali na huombea misa. Fanya hayo.

Na hapo ndipo mwenyekiti wa jumuiya alipokosea, ingawa naamini hakukosa kwa ubaya. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1183, inasema kuhusu mazishi wakatekumeni wahesabiwe pamoja na waamini. Mama yako alikuwa na haki ya padri. Kaburi halifukuliwi kwa ajili hiyo, lakini misa yake bado inaweza kusomwa na kaburi likabarikiwa. Nenda kwa paroko mwenyewe, usipitie kwa mwenyekiti. Mweleze bila kufoka. Ukiweza, chukua na binamu; asikie kwa padri, asiseme kasikia gazetini.

Jina liandikeni. Kwenye daftari la ubatizo Veronika haliwezi kuingia, maana daftari huandika yaliyotendeka. Msalaba wa kaburini hauna masharti hayo. Wekeni kwanza jina alilopewa na wazazi wake, halafu hilo alilojichagulia. Kitenge usikigawe haraka.

Kwa paroko nenda Jumamosi. Ndiyo siku ya mafundisho, katekista atakuwepo, na daftari la wakatekumeni litakuwa mezani. Omba ulione jina lake.