Eti huku Iceland mwanamke ndo baba mwenye nyumba?

Juzi binamu yangu kanipigia toka Tanga, yuko kijiweni, nasikia kabisa kete za bao zinagonga, ananiuliza kwa sauti ili wenzake wasikie, "Bwana eti huko wanawake wamewakalia kichwani, mke anatoka kazini we umebaki nyumbani unabadilisha nepi?" Wakacheka wote. Na mi nikacheka, nikamwambia salio linaisha nitakupigia, wakati aliyepiga ni yeye tena kwa WhatsApp. Nilikwepa tu. Sasa nawajibu vizuri, maana najua atawasomea hapo hapo barazani.

Ndio, nilibadilisha nepi. Karibu miezi mitano, mchana kutwa, peke yangu.

Ilikuwa hivi. Mi niko kiwanda cha samaki, kazi yangu kupanga minofu, mikono inakufa ganzi mpaka jioni. Mke alipopata mimba nikaenda kumwambia msimamizi wetu, mama mmoja mtu mzima, nikitegemea hongera. Yule mama kageukia kalenda ya ukutani, kashika kalamu, "Na wewe likizo yako unaanza lini?" Moyo ukanipasuka paa, nikajua ndo nimefukuzwa kiaina. Kumbe sheria ya huku kila mzazi ana miezi 6 yake, baba 6 mama 6, na unalipwa asilimia 80 ya mshahara mpaka kiwango fulani. Unaruhusiwa kumwachia mwenzio wiki 6 tu, zilizobaki usipozitumia mwenyewe zimeota mbawa. Nilijaribu kumwachia mke zote, haiwezekani. Kwetu sheria inampa mama siku 84 na baba siku 3, na hizo 3 zenyewe wengi tunazimalizia kupokea hongera.

Sasa jamani hapa ndo muelewe, huku hamna mama mkwe wa kuja kukaa arobaini, hamna wifi, hamna shangazi wa kumkanda mzazi maji ya moto, hamna dada wa kazi. Mko wawili na mtoto na theluji. Januari nikaanza zamu yangu. Wenyeji wana desturi ya kuwalaza watoto nje kwenye kigari, baridi kali, mtoto kafungwa mablanketi kabaki pua tu, na analala kweli! Nikampigia mama video nimwoneshe mjukuu wake, akapiga yowe majirani wakaja, "Mtoeni mtoto kwenye friji!" Wiki nzima ananipigia kila siku kuhakikisha mjukuu bado anapumua. Halafu akaniuliza taratibu, kama anauliza ugonjwa, "Kwani mkeo kakufanya nini baba?"

Mi nilikuwa nadhani hawa wamezaliwa hivi hivi, wazungu wa baridi, hawana mambo ya mfumo dume. Uongo. Kuna mzee mmoja kiwandani, alikuwa na miaka 10 mwaka 1975, anakwambia baba yake alikuwa hajui sufuria zinakaa wapi. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo wanawake wa nchi nzima waliacha kazi siku moja, za ofisini na za nyumbani, inasemekana 9 kati ya 10 waligoma. Ila wajanja, hawakuiita mgomo, waliiita siku ya mapumziko, ili na wale mama wa kanisani wasiopenda fujo waingie. Viwanda vya samaki vikasimama, shule zikafungwa, wanaume wakaenda na watoto kazini, hata redioni mtangazaji anasoma habari huku watoto wanasikika nyuma. Yule mzee anachokumbuka ye ni soseji. Baba yake alichoweza kupika ni hicho tu, na baba wa kila nyumba wakawaza hivyo hivyo, madukani soseji zikaisha.

Mwaka uliofuata sheria ya usawa ikapita. Mwaka 1980 wakamchagua Vigdís Finnbogadóttir awe rais, mwanamke aliyeachika, analea binti peke yake, kawashinda wanaume watatu. Akakaa miaka 16, mpaka kuna watoto walikuwa wanadhani urais ni kazi ya wanawake. (Hilo jina la pili maana yake binti Finnbogi, huku mwanamke akiolewa hachukui jina la mume, anabaki binti fulani maisha yote kama bibi zetu wa Pwani, Fatuma binti Salimu mpaka kaburini.) Lakini kushika mtoto wanaume wengi bado hawakushika mpaka sheria ya mwaka 2000 ilipompa baba miezi yake mwenyewe isiyohamishika. Mimi nawaambia ninavyoona, kilichowalainisha hawa watu sio semina. Waliona siku moja kazi ya mama haikufanyika, na baadaye wakaona pesa inapotea. Mwanaume gani anaacha pesa ipotee?

Ila msije mkadhani huku peponi. Tarehe 24 Oktoba 2023 wakagoma tena, mpaka waziri mkuu wao wa wakati huo, Katrín Jakobsdóttir, naye kagoma, na kaulimbiu ilikuwa ya kuuliza, yaani huu ndo mnauita usawa? Wanalalamikia mishahara na kipigo, maana vipigo vya majumbani na huku vipo. Mke wangu siku hiyo alikuwa zamu. Anafanya nyumba ya kulea wazee, na mzee wa miaka 90 huwezi kumgomea, lazima ageuzwe, abadilishwe. Waliobaki kwenye zamu ile ni yeye, Mfilipino mmoja na Mpolandi mmoja. Karudi usiku miguu imevimba, kakaa kwenye kochi kanambia, "Baba fulani, leo tumewashikia wenzetu usawa wao." Nilicheka ila aliyekuwa anaongea hakuwa anacheka. Nikaenda kuosha vyombo.

Kwa hiyo binamu, hajanikalia mtu kichwani. Kupika nazidi kujua, wali wangu wa nazi ya kopo saivi hauna mpinzani mji mzima, ingawa wapinzani wenyewe tunahesabika.

Na wewe ulinipigia huku saa moja asubuhi, yaani huko saa nne, uko kwenye bao. Shemeji muda huo najua yuko sokoni, katoka saa kumi na moja na beseni la mihogo. Jumapili nitapiga, ila mpe yeye simu.