Hiyo barua ya kampuni mama si dhamana

Dada wa Njiro, pole kwa mawazo. Nimekuelewa: unapeleka mboga na nyama kwa kampuni ya utalii, deni limefika milioni 18, na ulichonacho ni barua ya kampuni mama, yaani ile inayoimiliki hiyo ya utalii, kwamba "ni sera yetu kuhakikisha kampuni tanzu inaweza kulipa madeni yake".

Sentensi hiyo ndiyo inayonitisha. Mwaka 1989 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Kleinwort Benson dhidi ya Malaysia Mining Corporation, yenye maneno karibu hayohayo. Ikasema barua inaeleza sera ya siku ile tu, haiahidi kwamba sera haitabadilika. Kleinwort Benson, benki iliyokuwa imeikopesha kampuni tanzu, ikashindwa. Kweli, mwaka huohuo jaji wa Australia aliona barua ya aina hiyo inamfunga kisheria aliyeiandika, kwa hiyo maneno yenyewe ndiyo yanaamua.

Mimi yalinikuta Moshi. Barua ilikuwa na muhuri wa bluu na sahihi mbili, nikajiona nimelindwa. Neno "tutalipa" halikuwemo popote.

Kabla ya kupakia mzigo mwingine, omba dhamana halisi ya maandishi, itaje kiasi, iambatane na azimio la bodi, yaani uamuzi wa maandishi wa wakurugenzi wao. Wakikataa, uza kwa taslimu tu, tafadhali. Kwa hizo milioni 18, mpelekee wakili barua, ankara na hati za kupokelea mzigo wiki hii, na usisaini makubaliano yoyote mapya kabla hajayasoma.