Kwa nini mvua ya Nyungwe hufika Misri ilhali Ziwa Kivu liko jirani?

SWALI: Nafundisha jiografia sekondari. Ramani yetu ya Rwanda inaonyesha mabeseni mawili, yaani maeneo ambayo maji yake yote huelekea mto mmoja, la Nile na la Kongo, na mstari unaoyatenganisha umepita magharibi, karibu sana na Ziwa Kivu. Mwanafunzi ameniuliza: ikiwa msitu wa Nyungwe uko jirani na Kivu, mbona maji yake mengi huenda hadi Misri? Na nikiwa na ramani ya kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa) peke yake, mstari huo nitauchoraje?

JIBU: Mwalimu, mpe hongera mwanafunzi wako, maana ameuliza jambo ambalo ramani nyingi huliacha bila maelezo. Maji hayajali ziwa lipi liko karibu. Yanafuata mteremko, na mteremko unaamuliwa na mgongo wa milima. Rwanda mgongo huo uko upande mmoja wa nchi, kwa sababu ardhi iliinuka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, ile sehemu iliyozama na kushika Kivu. Ndiyo maana takriban theluthi mbili za nchi humwaga maji Nile na theluthi moja tu Kongo.

Linganisha pande hizo mbili. Kileleni, kwenye mita 2,500 hivi, tone linaloangukia magharibi hushuka hadi Kivu, mita 1,460, kwa safari fupi tu. Mito ya huko, kama Sebeya na Koko, ni mifupi na ina kasi, na mvua kubwa ikinyesha hujaa ghafla. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 Sebeya ilifurika na kuvamia makazi ya watu Rubavu. Mafuriko na maporomoko ya ardhi ya usiku huo yaliua watu zaidi ya 130 nchini. Wanafunzi wakielewa mteremko, wataelewa pia kwa nini mvua ileile ni hatari zaidi upande ule.

Tone linaloangukia mashariki lina safari ndefu. Linaingia Rukarara, kisha Mwogo. Mwogo na Mbirurume zikikutana, mto unaitwa Nyabarongo. Nyabarongo huelekea kaskazini sambamba na mgongo wa milima, hupokea Mukungwa, hugeuka kusini-mashariki, hupita kando ya Kigali, huchukua Akanyaru, kisha hufika eneo la Ziwa Rweru. Hapo unatoka Akagera, unaoshuka maporomoko ya Rusumo na kuelekea Ziwa Viktoria. Rweru iko takriban mita 1,320, yaani chini kuliko Kivu. Kwa hiyo upande wa mashariki unaishia chini zaidi, ila unashuka polepole, ndiyo sababu mabonde yake yamejaa vinamasi.

Sasa ramani. Anza na mito: chukua penseli ya buluu, upite juu ya kila kijito kutoka mdomoni hadi chanzo. Kontua inapokatiza kijito hujikunja, na ncha yake huelekea juu, kwenye chanzo. Inapopita juu ya mgongo wa kilima, ncha huelekea chini. Kisha kwa penseli nyekundu unganisha vilele na matandiko, yaani sehemu za chini kati ya vilele viwili, ukipita kati ya vyanzo vya pande zote mbili. Mstari wako ukate kontua kwa pembe mraba, na usivuke kijito hata kimoja. Ukivuka maji, umekosea; rudi nyuma hadi kilele cha mwisho ulichokuwa na uhakika nacho. Wanafunzi wengi huteleza kwenye matandiko, kwa hiyo wape muda hapo. Jaribio zuri ni barabara ya Huye kwenda Rusizi: waambie watafute ndani ya Nyungwe mahali inapokatiza mstari wao.

Tahadhari moja ya kaskazini, kwenye volkano za Virunga. Miamba ya lava hunywa maji, vijito vya juu ni vichache, na maji hutokea mbali kidogo kama chemchemi. Pale kontua peke yake haitoshi.

Volkano hizohizo ndizo zilizobadilisha beseni la Kivu. Zamani maji ya eneo hilo yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward, yaani yalikuwa ya Nile. Lava ikaziba njia, ziwa likapanda hadi likapata tundu kusini, na yapata miaka 10,000 iliyopita likaanza kumwagika kupitia Mto Rusizi. Leo Rusizi hushuka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika, na maji hutoka huko kwa Mto Lukuga kuingia mfumo wa Kongo. Kwa hiyo mjibu mwanafunzi wako kwamba hata Kivu yenyewe iliwahi kuwa upande wa Nile.

Wakimaliza, wape Burera na Ruhondo. Ziwa la kwanza liko juu ya la pili kwa takriban mita 100, na kituo cha umeme cha Ntaruka hutumia tofauti hiyo. Yote mawili yalizuiwa na lava, na yako chini ya volkano zilezile. Wayafuatilie maji: Burera, Ruhondo, Mukungwa, kisha waseme ni ya beseni gani.